Gunia Bichi Mgongoni mwa Farasi

Nani kawaambia farasi anafunikwa gunia bichi? Nauliza tena kwa maandishi, kwa sababu juzi nilipouliza kwa mdomo pale bandani mlicheka, na mmoja wenu, yule mwenye fulana ya mpira, akaniambia, "Bibi, usipaniki, tumeona kwenye simu." Sikupaniki, mjukuu wangu. Nilikuwa natoka zahanati, nikapita kwenye uzio, nikaona farasi karudi mazoezini anatweta, kafunikwa gunia la katani linalochuruzika maji kuanzia shingoni mpaka mkiani, na nyie watatu mmekaa kivulini mnamsubiri apoe. Nikaingia, nikalivuta gunia, nikaondoka nalo. Nasikia sasa mnaniita bibi mwizi wa magunia. Haya. Mwizi huyu alikuwa kwenye kazi yenu hiyo ya farasi kabla hamjazaliwa, na ana maneno na nyie.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Tatu, mtoto wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Baba yangu aliletwa na mkonge kutoka Songea, mama yangu alikuwa Mzigua wa Handeni. Baba aliswali, mama alisali, na mimi nikalelewa kambini kwenye shamba la mkonge upande huu wa Korogwe. Farasi nimewahudumia mpaka magoti yalipokataa, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwapoza kwenye zile mbio ndefu za juani. Kelele nimewapigia, hazikuingia, ndiyo maana naandika. Na ninayo sababu nyingine. Gunia kama lile la juzi lilikaribia kumuua farasi mmoja na likamfukuzisha mtu kazi. Aliyelitandika ni mimi, na aliyefukuzwa hakuwa mimi. Nitafika huko, msiniharakishe.

Kabla ya farasi nilikuwa mwanikaji wa singa. Jani la mkonge likishapita korona, yaani ile mashine kubwa ya kukamulia, zinatoka nyuzi mbichi ambazo ndizo singa, na sisi wanawake tulizibeba mikononi na kuzitandaza kwenye nyaya, safu kwa safu, hadi uwanja wote unakuwa mweupe. Kitu cha kwanza unachofundishwa pale ni kwamba singa mbichi haiachwi kwenye lundo. Ukiiacha, inashika joto ndani kwa ndani mpaka ukitia mkono unautoa upesi. Cha pili, siku isiyo na upepo singa haikauki vizuri, hata jua liwe kali namna gani. Hayo niliyajua tangu msichana, ningeweza kuyasema usingizini. Yawekeni akilini, maana mtaona nilivyoyasahau siku ile ile niliyoyahitaji.

Ikaja miaka ya ruksa, ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Nyie mmezaliwa mkakuta kila kitu dukani, hamwezi kuelewa. Mitumba ikashuka, sabuni ya kuogea ikaonekana, kila mwenye mlango akafungua kigenge, na shirika lililokuwa na shamba letu likaambiwa shamba si lake tena. Likabandikwa karatasi la majina ya waliopunguzwa kazini kwenye ukuta wa ofisi, tukalisoma kwa vidole, na jina langu lilikuwapo. Nilikuwa nimeshafungasha nusu ya vyombo nilipoitwa ofisini nikaulizwa kama naogopa farasi. Farasi sikuwahi kumwona kwa macho. Nikasema siogopi.

Mwekezaji aliyechukua shamba alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwenye saa mbili: moja mkononi, nyingine inaning'inia shingoni kwa kamba. Tulimwita Bwana Saa, nyuma yake na mbele yake, naye akaitika. Alipenda farasi kuliko mkonge. Alileta saba kwa lori, akaanzisha mbio za siku mbili: kutoka shambani, kupita Segera mpaka upande wa Kabuku, kisha kukata kuingia nyika ya Handeni na kurudi, kwa njia za wazi ili kukwepa vichaka vya mbung'o. Wageni walikuja na farasi wao kutoka Arusha na Kenya. Wengi mnadhani mbio hizi ni za kuwahi tu. Si hivyo. Njiani kuna vituo, na farasi akifika kituoni anapewa nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo mapigo ya moyo wake yashuke mpaka sitini na manne kwa dakika. Yasiposhuka anatolewa, hata kama alifika wa kwanza. Kwa hiyo msidhani sisi wa ndoo tulikuwa wapambe. Nusu saa ile ilikuwa mikononi mwetu.

Kuhesabu mapigo alinifundisha Bwana Saa mwenyewe. "Mkono nyuma ya kiwiko cha kushoto, Mama Tatu." Mimi nikaona mkono utanidanganya, nikaweka sikio, tena upande wa kulia, tena chini. Nikasikiliza nikasikia mngurumo, nikaruka. "Bwana, farasi huyu anakufa! Moyo wake unanguruma!" Akainama akasikiliza, akasema taratibu, "Hilo ni tumbo." Banda zima lilicheka, nikaitwa Daktari wa Tumbo mwezi mzima. Lakini sikio lile sikuliacha. Tumbo la farasi mwenye afya halinyamazi. Farasi aliyezidiwa na joto, tumbo linakuwa kimya kabisa, na ukimya huo ni wa kuogopa. Sasa nyie mna kimashine cha kuhesabia mapigo, mnakikodolea macho, na tumbo hakuna anayelisikiliza.

Tuje kwenye maji, na nasema ni mara ya mwisho ingawa najua si ya mwisho. Farasi anapozwa na maji yanayoondoka mwilini mwake, hapozwi na maji yanayokaa. Mwagieni shingo, mabega, tumbo, mapajani kwa ndani ambako mishipa iko karibu na ngozi, mgongo, makalio, kote. Maji yakishamgusa yanachukua moto wake. Shika ngozi baada ya muda kidogo uone, ni ya uvuguvugu. Basi mwaga mengine yayafukuze yale ya kwanza. Zamani tulikwangua kwa kipande cha tairi, tunamwaga, tunakwangua, tunamwaga. Miaka ya baadaye Bwana Saa akarudi kutoka kwao akasema kumbe hata kukwangua si lazima, mradi anayemwaga asisimame. Nikamwambia bega langu ndilo litakaloamua kama nitasimama. Mmwagie, mtembezeni hatua chache upepo umpige, mmwagie tena. Kiu yake msiizuie, mpeni maji anywe. Na chumvi msisahau, maana jasho la farasi linaondoka na chumvi nyingi kuliko la mtu.

Halafu kuna hawa wanaosema maji ya baridi yatakaza misuli ya farasi. Kila mwaka wanapatikana, sijui wanatoka wapi. Bwana Saa mwenyewe mwaka wa kwanza alituamuru tuyaanike maji juani kabla ya kuyatumia. Tulianika maji, jamani, wanawake wazima, ndoo zimepangwa mstari, wapita njia wanatushangaa. Miaka kadhaa mbele akageuka, akaagiza barafu kutoka Korogwe mjini, mabonge yamefukiwa kwenye maranda ya mbao, dereva wetu Shabani ayafikishe Kabuku. Shabani alipofika barabara kuu akakuta mabasi yamesimama na abiria wanalia kiu. Nimewaambia ilikuwa miaka ya ruksa. Farasi walipofika Kabuku walikuta maranda. Shabani akaapa kwamba yote yameyeyuka, na huku msumari wa kuvunjia barafu anao mkononi.

Lakini gunia lilitangulia barafu. Ilikuwa mbio za pili kufanyika, na farasi mwenyewe aliitwa Sabuni. Alikuwa jike, rangi ya kahawia, na akitoka jasho anafanya povu jeupe kifuani mpaka unadhani kuna mtu anamfulia. Jeuri, mwenye kuuma ndoo. Nilimpenda kuliko nilivyopaswa kumpenda mali ya tajiri.

Mpandaji wake alikuwa Yohana, Msambaa wa Kerenge, mwembamba, aliyetoka kwenye kukata mkonge akaingia kwenye tandiko bila kufundishwa sana. Yohana hakushika fimbo. Akifika penye kilima anashuka, anatembea mbele ya Sabuni huku anamsemesha Kishambaa. Bwana Saa aliwahi kumgombeza, "Nimekuajiri kupanda, si kutembea." Yohana akajibu, "Na yeye ana mgongo, Bwana." Lishikeni hilo la kushuka kilimani, nitalihitaji mwishoni.

Basi siku yenyewe. Mwezi wa pili, kabla ya masika, yale majuma ambayo mawingu yanakaa juu hayanyeshi na hewa haiendi popote. Nilitangulia na pikapu kuandaa kituo cha tatu, nyikani Handeni. Nilikuwa na mapipa mawili, na moja lilikuwa limevuja njiani, nikakuta limebaki robo. Nikachagua mahali bondeni kabisa, penye vichaka vinene na kivuli kizito. Nikajipongeza kwa kivuli kile. Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani moja, na mimi mwanikaji wa singa sikuliona hilo.

Sabuni alifika anaongozwa kwa mkono, Yohana kashuka kitambo. Tukamvua tandiko. Mapigo themanini na mawili. Nikamwaga maji, nikakwangua, nikamwaga, yakashuka mpaka sabini na sita, vizuri kabisa. Nikachungulia pipa. Maji yanakwisha, na nyuma yake wanakuja farasi wengine watatu wa shamba letu.

Hapo ndipo nikawa na akili nyingi. Nyie hamkuishi kambini, nitawaeleza. Mkata mkonge alikwenda shambani na dumu la maji lililoshonewa gunia la katani. Analilowesha gunia, anatundika dumu kwenye mlingoti wa mkonge, na mpaka saa sita mchana maji yake ni ya baridi ya kuuma meno. Hakuna mtoto wa kambini asiyelijua hilo, na hakuna tulilojivunia zaidi mbele ya watu wa mjini. Nikasema moyoni, kama dumu linapoa, farasi atashindwaje? Nikachukua gunia kubwa kwenye pikapu, nikalilowesha, nikamtandika Sabuni kuanzia shingoni mpaka mkiani. Maji kidogo yatafanya kazi kubwa. Nikaona hata Bwana Saa hakuwahi kulifikiria hilo.

Sikufikiri kwamba dumu linaning'inia juu, kwenye upepo, na ndani yake hamna moto unaowaka. Farasi aliyetoka mbioni ni jiko. Ukilifunika jiko kwa gunia bichi bondeni, umetengeneza nini? Nambieni nyie wenye simu.

Nikahesabu. Themanini. Nikalimwagia gunia maji kidogo, nikahesabu tena. Themanini na nane. Pua zimetanuka, ufizi umekuwa mwekundu mbaya, na lile povu lake la kifuani limekauka. Jasho lilikuwa limekata. Yohana akaniambia, "Mama Tatu, anatetemeka miguu ya nyuma."

"Subiri," nikamwambia. "Gunia linafanya kazi."

Ndivyo nilivyosema. Hata leo nikikumbuka naona haya, nikiwa peke yangu jikoni.

Akatokea mfugaji mmoja wa Kimasai, mtu wa makamo, amesimama kwenye kichaka na fimbo yake, anatutazama muda. "Takwenya, yeyo," akanisalimia kwa Kimaa, kama anavyomwamkia mama yake.

"Iko," nikaitikia bila kugeuka.

"Huyo mnyama ana baridi?"

"Ana joto, baba! Huoni anavyotweta?"

"Sasa kama ana joto, mbona umemvisha?" Akasogea. "Na kwa nini umemleta kwenye shimo? Waangalie ng'ombe wangu wale."

Nikatazama alikoelekeza fimbo. Juu ya mwinuko, pasipo na mti hata mmoja, ng'ombe wake wamesimama juani, wote wameelekeza pua upande mmoja, upepo unapotoka.

"Kivuli kipo huku," akasema. "Wao wanakijua. Mbona hawaji?" Kisha akainua pindo la gunia, akanishika mkono, akauingiza chini yake, mgongoni mwa Sabuni. "Sikia hapo, yeyo."

Nililijua lile joto. Ni joto la lundo la singa mbichi iliyosahauliwa, lile lile, na harufu yake ya ubichi na ya mvuke. Nilikuwa nimelijua tangu msichana. Niliuchomoa mkono nikapiga yowe, nikalivuta gunia nikalitupa vichakani huko.

Tukampandisha mwinukoni hatua kwa hatua, Yohana mbele na hatamu, mimi nyuma namsukuma makalio, na yule mfugaji akimzomea Sabuni kwa Kimaa kama anamzomea ng'ombe mvivu. Nyuma ya mwinuko kulikuwa na lambo la ng'ombe, maji ya tope. Sijawahi kuona maji mazuri kama yale. Yohana alikimbia na ndoo mbili mbili, mimi namwaga na kukwangua kwa kiganja, mfugaji naye akajaza kibuyu chake cha maziwa maji ya tope akawa anamwaga shingoni huku analalamika kwamba kibuyu kitaharibika na mke wake atamsema. Upepo ulikuwa unavuma pale, si mwingi, lakini ulikuwapo. Sabuni akayumba, akapiga goti moja, nikadhani ndiyo basi. Nikabandika sikio tumboni. Kimya. Tukaendelea kumwaga. Nikabandika tena. Kimya. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, nikawa namwaga kwa kifua na mikono pamoja. Mara ya sijui ngapi nikasikia mngurumo mdogo, mbali, kama mtu anaburuta kiti chumba cha pili. Daktari wa Tumbo nilikaa chini kwenye tope nikalia kwa sauti.

Nusu saa ilikuwa imeshapita zamani, na wale farasi wengine watatu walikuwa bado njiani. Bwana Saa akafika na gari pamoja na daktari wa mifugo, na yule mfugaji alikuwa amekwisha kurudi kwa ng'ombe wake bila hata kuaga vizuri. Wakapima. Sabini na mawili. Katolewa. Lakini Bwana Saa hakuwa mjinga, aliona kwamba haikuwa habari ya kutolewa tu. Akamwangalia ufizi, akavuta ngozi ya shingo akaona inavyochelewa kurudi, akasimama mbele ya Yohana.

"Umemkimbiza?"

Yohana akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana, Bwana."

"Farasi hafiki hali hii kwa kutembea." Akanigeukia. "Mama Tatu, alifikaje kituoni?"

Gunia lilikuwa bondeni, kwenye vichaka. Aliyeliona zaidi yetu alikuwa ameondoka. Karatasi la majina bado lilikuwa ukutani ofisini, na nilikuwa na watoto watatu na baba yao hayupo. Nikajibu, "Alifika na joto sana, Bwana."

Ilikuwa kweli. Alifika na joto, kila farasi alifika na joto siku ile. Ndiyo maana jibu lile lilitosha. Bwana Saa akatikisa kichwa, na Jumatatu Yohana akaambiwa shamba haliwezi kukaa na mpandaji anayeua farasi. Alikunja blanketi lake, akapita bandani kumshika Sabuni pua, akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta gari la Kerenge. Mimi nilikuwa naosha ndoo. Niliendelea kuosha ndoo iliyokwisha kutakata.

Sabuni aliishi. Aliuma ndoo miaka mingi baada ya hapo. Mimi nikafanywa mkuu wa maji, nikapewa koti la mvua na filimbi, na kila aliyeajiriwa akaletwa kwangu. Niliwafundisha kuchagua kituo kwa upepo kwanza, kivuli baadaye. Niliwafundisha kutia mkono kwenye ngozi kabla ya kutazama saa. Na niliwafundisha kwamba gunia ni marufuku. Wakiniuliza kwa nini, nilipiga kelele. Watu walidhani ni ukali wa kazi. Hata nyie juzi mlidhani hivyo.

Nilipofika nyumbani na gunia lenu sikukaa vizuri. Nililiweka uani, nikawa nalipita. Siku ya tatu nikachoka kulipita, nikachukua bodaboda mpaka Kerenge, kijana ananikimbiza kwenye makorongo utadhani nimeiba kweli. Yohana nilimkuta shambani kwake anapalilia maharage, na punda wawili wamefungwa pembeni, wamepewa maji, wamesimamishwa upande wa upepo.

"Onga mshi," nikamwamkia kwa kwao, ingawa Kishambaa changu kinaishia hapo.

Alinitambua mara moja. Akaleta kigoda, akanipa maji, akangoja. Nikamwambia yote, gunia na jibu langu kwa Bwana Saa, haraka haraka, kama mtoto anayesema kosa kabla hajapigwa. Nilipomaliza aliendelea kung'oa magugu.

"Nilijua, Mama Tatu. Si nilikuwa nimeshika hatamu?"

"Sasa kwa nini hukusema?" Nikapandisha sauti, nikamkasirikia, fikirini, mimi ndiye niliyemkasirikia yeye. "Neno moja tu, Yohana! Ungesema gunia!"

"Ningesema ungefukuzwa wewe na wale watoto. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe. Nikangoja mpaka Jumatatu." Akatupa magugu kando. "Nilipofika huku nikangoja tena kidogo. Halafu nikaacha."

Akasema kazi haikumuuma sana, kazi alipata nyingine. Kilichomuuma ni kwamba wale wenzetu bandani, na wapandaji waliokuja baada yake, waliambiwa Yohana alimchosha Sabuni karibu ya kumuua. Yohana, aliyekuwa anashuka penye kilima. Nikaanza kumwomba radhi, akanyoosha mkono kunizuia.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwapo. Waambie wasiokuwapo."

Basi nawaambia nyie msiokuwapo. Yohana wa Kerenge hakumkimbiza Sabuni. Alimleta kituoni akitembea mbele yake, na alibeba ndoo mpaka kamba ya ndoo ikamchana vidole. Ni mimi, Mama Tatu, niliyemfunika farasi gunia bichi kwenye bonde lisilo na upepo, na nilipoulizwa nikajibu nusu. Mkisikia mzee yeyote wa shamba lile anaisimulia vinginevyo, mkatizeni, mwambieni mmeisoma kwangu.

Gunia lenu liko mlangoni kwangu, watu wanafutia miguu, na litabaki hapo hapo. Nilipokuwa nainuka kuondoka Kerenge, Yohana aliniuliza kama huko bandani kwenu yuko farasi jike. Nikamwambia yuko, wa kahawia. Akasema angependa kumwona. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nitakuja na mzee mmoja mwembamba. Mwamkieni, simu ziwekeni mfukoni, na mpeni hatamu.